Mtu wa Tshukudu na Sanamu Yake



Leo nataka kusema nanyi juu ya sanamu. Wakubwa wa zamani walizipenda sana. Mwaka 1928 Wabelgiji walimsimamisha mfalme wao Leopold wa Pili juu ya farasi, mjini Léopoldville, yeye ambaye hakukanyaga udongo wa Kongo hata siku moja. Mwaka 1967 akaondolewa. Mwaka 2005 serikali ikamrudisha barabarani Kinshasa, na haukupita muda akashushwa tena. Maskini farasi yule!

Sasa tazameni sanamu ya kwetu, pale kwenye mzunguko wa barabara unaoitwa Tshukudu. Si mfalme wala jenerali. Ni mtu na tshukudu yake, rangi ya dhahabu. Mji wetu ulipotaka kuonyesha uso wake, ulimchagua mchukuzi.

Na tshukudu haikutoka Ulaya. Watu wa Kivu waliitengeneza wenyewe. Fundi huchonga mti wa kalitusi kwa panga na tezo, magurudumu mawili ya mti mgumu, juu yake hupigilia mpira wa gari lililokufa. Nyuma huweka kipande kingine cha mpira, ndicho breki, hukanyagwa kwa mguu. Haina mashini, hainywi mafuta. Toka Kibumba inateremka na magunia ya viazi, kabichi na makala, kilo 300 na zaidi, na mwenyewe amepiga goti moja juu yake. Kupanda ni habari nyingine. Kupanda ni kusukuma tu, mpaka jasho liingie machoni.

Mnakumbuka tarehe 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo ulipopita katikati ya mji. (Ni tarehe ile ile ambayo Lumumba aliuawa, mwaka 1961.) Motokaa nyingi zilishindwa kupita juu ya yale mawe meusi. Mbao na mabati ya nyumba mpya yalikuja na nini? Mwezi wa tano 2021 mlima ukatapika tena, na watu wa tshukudu wakarudi barabarani kama kawaida.

Kijana asiyekuwa na tshukudu husukuma ya mtu mwingine, na jioni humhesabia mwenye chombo. Ndoto yake si kubwa: apate yake mwenyewe, baadaye kiwanja kidogo, watoto wasome. Wengine hufika huko. Wengine hufika uzee wakingali na mgongo ule ule na chombo cha mwingine. Ninyi watumikaji wa mashimo mnalijua jambo hili. Waliobeba kasiterite ya Bisie mgongoni, kilo 50 ndani ya msitu wa Walikale, hawahitaji kufundishwa. Koltani ya Rubaya huingia katika simu za dunia nzima, na mchimbaji wake hulala juu ya majani.

Basi nauliza. Yule wa dhahabu hakuna anayemtoza franka. Yule wa nyama na damu anasimamishwa bariere hii na bariere ile, analipa, wala hapewi karatasi. Akifika mjini, mwenye mzigo anaanza kubishana juu ya bei iliyokubaliwa asubuhi. Akianguka mteremkoni na kuvunjika mguu, nani anamlipia dawa? Mara nyingi ni wenzake wa barabarani, kwa mchango.

Mchango huo ndio nautazama mimi kuliko dhahabu yote ile. Watu wa tshukudu, andikeni majina yenu, wekeni kasha moja, chagueni mweka hesabu mnayemwamini. Anayelipa bariere adai karatasi, na karatasi hizo ziwekwe pamoja. Na wewe mama uliyeagiza makala, andika bei kabla gunia halijapanda juu ya mti, ndugu yule aweze kuisoma ama kusomewa.