Kivimbe cha Kope: Picha Kwanza, Kisu Baadaye?

(Mazungumzo ya mhudumu wa afya ya macho na wahudumu wa afya wa vijijini pamoja na viongozi wa vikundi vya akina mama.)

Nimeombwa nijibu swali ambalo wengi wenu huulizwa na wagonjwa: je, daktari hawezi kuipiga picha kope yenye uvimbe akajua kama ni kansa, bila kumkata mtu?

Ni swali la haki. Kisu karibu na jicho kinaogopesha. Kwa hofu hiyo mtu hukaa nyumbani miezi na miezi, na kama ni kansa, hiyo haikai ikimngoja.

Kwanza tuijue kope yenyewe. Ngozi yake ni nyembamba sana, haifiki milimeta moja. Kazi yake ni kulifunika jicho na kulipaka machozi kila tunapopepesa. Ikikatwa kupita kiasi, jicho halifungi, linakauka, na kioo chake cha mbele kinapata vidonda. Ndiyo maana daktari hutaka kujua mapema uvimbe ni wa aina gani na umefika wapi.

Vivimbe vingi vya kope si kansa. Kuna chokea, kile kijipu kinachouma, kinaiva na kuisha. Kuna pia kivimbe kigumu kisichouma, kinachotokea tezi ya mafuta ya kope ikiziba. Shida ni kwamba ipo kansa ya tezi hizo hizo, nayo hujifanya kama hicho kivimbe cha kawaida. Hapo macho matupu hudanganyika.

Basi kuna vyombo gani? Cha kwanza ni lenzi yenye taa, inayokuza ngozi mara kumi hivi. Daktari huona rangi na mishipa midogo ya damu ambayo mimi na wewe hatuioni.

Cha pili ni ultrasaundi. Akina mama mnaifahamu kutoka kliniki ya wajawazito. Ile ya mimba hutumia mawimbi ya sauti kama milioni 2 hadi 5 kwa sekunde. Ya ngozi na kope hutumia milioni 20, hata 50. Mawimbi yakiwa mengi hivyo, picha huwa safi zaidi, lakini hayafiki mbali ndani ya mwili. Kwa kope inatosha, maana tunachotaka ni kuona uvimbe umeingia kina gani.

Cha tatu hutumia mwanga badala ya sauti. Chombo hiki kilielezwa na watafiti wa Marekani mwaka 1991, na madaktari wa macho hukitumia sana kutazama sehemu ya nyuma ya jicho. Kwenye ngozi huonyesha tabaka kwa tabaka, kina cha milimeta 1 hadi 2.

Cha nne ni hadubini ya leza hafifu. Hii huonyesha chembe hai zenyewe mgonjwa akiwa ameketi, bila sindano. Huko Ufaransa na Italia, madaktari wametumia ile ya kushikwa mkononi kupima vivimbe vya kope. Lakini haioni zaidi ya robo milimeta hivi. Uvimbe uliojificha chini ya hapo huipita.

Sasa sikilizeni vizuri. Vyombo hivi vinasaidia kuchagua: nani akatwe haraka, nani angojewe, na mpaka wa kukata uwe wapi. Lakini hakuna hata kimoja kilichochukua nafasi ya maabara. Neno la mwisho hutoka kwenye kipande kidogo cha nyama kinachotazamwa kwa hadubini. Tena utafiti mwingi wa mashine hizo umefanywa kwa watu wenye ngozi nyeupe, na rangi ya ngozi yetu hubadilisha picha inayoonekana. Kwa hiyo mtu asiuze ng'ombe kutafuta mashine ya mbali, kumbe daktari wa macho aliye karibu angeweza kuchukua kipande hicho kwa ganzi, kope ikiwa imekufa ganzi na mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kuchukua kipande si kung'oa jicho. Waambieni watu hivyo waziwazi.

Kazi yenu ninyi ni kuona mapema. Mpelekeni mtu kwa daktari wa macho mkiona:

(a) kidonda cha kope kisichopona, au kinachotoka damu na kufanya gaga tena na tena;
(b) kivimbe kilichotibiwa kikarudi pale pale;
(c) nywele za kope zinazong'oka mahali penye uvimbe;
(d) kope iliyobadilika umbo, au uvimbe unaokua.

Wenye ualbino wasingoje hata kidogo, maana jua huwadhuru zaidi. Vivyo hivyo wanaoishi na virusi vya UKIMWI wakiona kinyama kinaota kwenye weupe wa jicho.

Ipo picha moja mnayoweza kupiga wenyewe. Kwa ruhusa ya mgonjwa, mpigeni kwa simu kwenye mwanga wa mchana, rula ikiwa shavuni karibu na jicho, na mwandike tarehe. Picha hiyo haitasema ni kansa au si kansa, ila itamwonyesha daktari uvimbe ulivyokuwa. Ipigeni siku ile ile mnapoandika barua ya rufaa, msiifanye sababu ya kungoja.

Mwisho, msikamue, msichome, wala msipake dawa ya majani. Na nyama ikikatwa, ulizeni: imepelekwa maabara? Majibu yatatoka lini? Asiyeuliza anaweza kurudi nyumbani na kope nzuri, na ugonjwa ukabaki ndani.

Sasa leteni maswali.