Nguvu za Miguu Katika Uzee



Tusikiapo kwamba mzee fulani ameanguka na kuvunjika paja, wengi wetu husema mara moja, "Mifupa yake imezeeka." Neno hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Leo nataka kusema nanyi habari za misuli, yaani ile nyama ishikamanayo na mifupa, ituwezeshayo kusimama, kutembea na kujizuia tusianguke.

Mtu akiisha kupita miaka 30 hivi, misuli yake huanza kupungua pole pole, naye hana habari. Akipita 60 hupungua kwa haraka zaidi. Mguu uliodhoofu huchelewa kumwokoa mwenyewe ajikwaapo; ndipo aangukapo, na mfupa uliokonda hauhimili kishindo.

Mfupa nao si kitu kikavu kisicho na uhai. Watu wa Umatengo watanielewa upesi, maana wana ngoro zao. Katika miteremko ya Mbinga wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa safu zinazokatana. Kisha wanawake huzifunika kwa udongo, yakabaki mashimo ya kuzuia maji ya mvua. Ngoro hizo hazidumu milele, hufanywa upya. Mfupa ndivyo ulivyo: huku wabomolewa, huku wajengwa, mchana na usiku. Katika uzee ubomoaji hushinda ujenzi, hasa kwa mwanamke aliyekoma hedhi. Tena mfupa hupata nguvu kwa kuvutwa na misuli na kubeba uzito, usipotumiwa hupungua.

Hapa ndipo penye neno gumu. Desturi yetu ni kumheshimu mzee kwa kumpumzisha. Bibi aliyeshika jembe miaka 50 huondolewa jembe, huletewa maji, huletewa chakula, huketishwa karibu na moto, hasa Juni na Julai, baridi ya milimani izidipo. Sisemi heshima hiyo ni mbaya, lakini ikipita kiasi humwondolea miguu yake. Hata jua halimpati, nalo ndilo liusaidialo mwili kutumia madini ya chakula kuimarisha mifupa.

Labda mtu atasema, mzee sana hawezi kurudishiwa nguvu. Mwaka 1990 waganga wa Boston, Marekani, walitangaza habari za wazee 10 wenye umri wa miaka 90 hivi, waliokuwa wakitunzwa katika nyumba ya wazee. Walizoezwa kuinua uzito kwa miguu muda wa majuma 8. Wale 9 waliofika mwisho, nguvu za miguu yao, kwa wastani, zilizidi mara mbili na nusu ya zilivyokuwa.

Kwetu hapana haja ya vyuma. Mzee na aketi juu ya kiti imara karibu na ukuta, mtu akiwa kando yake, ainuke na kuketi tena pole pole, ikiwezekana bila kutumia mikono, mara chache asubuhi na mara chache jioni. Aachiwe bustani yake ndogo. Ale maharagwe ya milimani, na usipa wa ziwani, ambao huliwa pamoja na mifupa yao. Mara nyingi bibi huwagawia wajukuu samaki, yeye akabaki na mchuzi. Huo ni upendo, lakini misuli haijengwi kwa mchuzi.

Akianguka, mguu mmoja ukaonekana mfupi na kugeukia nje, yawezekana amevunjika shingo ya mfupa wa paja. Msimsimamishe, msimkande wala kumvuta mguu. Mfungeni mguu usicheze, mmbebe juu ya machela mpaka hospitali, iwe Litembo kwa watu wa milimani, au Liuli kwa watu wa pwani ya ziwa. Akiisha kutibiwa, waulizeni waganga ni siku gani aweza kusimama. Mwaka 2007 ilitangazwa Marekani kwamba wazee wenye afya njema, waliolala kitandani siku 10 tu, walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu.