Sauti Ndani ya Ubongo: Namna Tunavyozungumza na Mgonjwa wa Skizofrenia Kitengela na Kajiado



Niliombwa nieleze jinsi ubongo unavyozalisha sauti anazozisikia mgonjwa wa skizofrenia. Fasili mnazijua: ni ugonjwa unaovuruga fikra, hisia na utambuzi, huanza aghalabu ujanani, na Shirika la Afya Duniani linakadiria humpata mtu 1 kati ya 300 hivi. Sitakaa hapo. Muda wangu nautumia kwa maneno yanayosemwa kila siku katika vyumba vyetu vya kuonea wagonjwa: "Hakuna sauti. Ni mawazo yako tu." Maneno hayo si ya kweli, na yanatupotezea wagonjwa.

Mwaka 1999 Thomas Dierks na wenzake waliwaweka wagonjwa 3 kwenye mashine inayopiga picha za ubongo ukiwa kazini, wakawaambia wabonyeze kitufe kila sauti zinapoanza. Zilipoanza, eneo la kusikia, lililo usawa wa sikio, liliamka. Masikioni hamkuingia neno, lakini ubongo ulikuwa unasikia.

Sauti hizo zinatoka wapi? Kila mmoja wetu husema kimoyomoyo mchana kutwa. Sehemu za mbele za ubongo zinazotunga usemi, likiwemo eneo la Broca, zinapoandaa neno huliarifu eneo la kusikia kwamba neno hilo ni letu, lisilipokee kama la mgeni. Jitekenye ubavuni: hucheki, maana ubongo umeshajua mkono ni wa nani. Sarah-Jayne Blakemore na wenzake walionyesha mwaka 2000 kwamba wagonjwa wanaosikia sauti huhisi mguso wa mkono wao wenyewe kwa nguvu ileile ya mguso wa mtu mwingine. Judith Ford naye, kwa kupima umeme wa ubongo, alikuta kwamba mtu asiye na ugonjwa huu anapotamka neno, mwitiko wa eneo la kusikia hushuka. Kwa mgonjwa haushuki vya kutosha. Taarifa isipofika, usemi wa mtu mwenyewe hupokewa kama wa mwingine. Si maelezo pekee, lakini yana ushahidi mzuri. Ongeza dopamini, kemikali ya ubongo ambayo ikizidi hulipa kila jambo dogo uzito na kulifanya lionekane linamhusu yeye. Dawa za haloperidoli na risperidoni huziba milango ya dopamini hiyo.

Sasa mfikirie fundi wa mjengo anayeishi kwenye ploti Noonkopir. Kuta ni nyembamba, redio ya jirani inasikika, mtoto wa nyumba ya tatu analia. Usiku anasikia majirani wakimjadili: mvivu, mwizi, anafaa kufukuzwa. Anagonga mlango wao, wanakana. Anahama. Kule alikohamia sauti ni zilezile, na sasa zinajua alikotoka. Mama yake anakuja kutoka kijijini, wanazunguka kwenye maombi na kwa mganga, akiba inakwisha. Siku anapofika kituoni, baada ya miezi mingi, anaambiwa hakuna sauti. Kijana huyo anajua alichosikia. Kuanzia hapo mhudumu ni mwongo, na vidonge vya mwongo havimezwi. Mchungaji alimwamini, sisi tulimbishia. Nimelisema hili kwenye vikao vingi, na bado nasikia "Hakuna sauti" ikirudiwa kwenye vituo.

Nieleweke vizuri: silaumu kituo wala mtu. Foleni ni ndefu, na anayehudumu ni mmoja. Lakini Sheria ya Afya ya Akili, iliyorekebishwa mwaka 2022, imezipa kaunti wajibu wa huduma hii; hatuwezi kuendelea kumsukumia kila mgonjwa Mathari, Nairobi, hasa anayetoka mbali, Loitokitok.

Napendekeza yafuatayo. Tuache kumwambia mgonjwa hakuna sauti. Tumwambie: naamini unasikia sauti; mimi sizisikii; ubongo wako unayapokea maneno yako kana kwamba ni ya mwingine, na dawa inaweza kuzipunguza. Tumuulize ni za nani, zinasema kwa Kimaasai, Kikamba au Sheng, na kama zinamwamuru ajidhuru au amdhuru mtu; jibu la swali hili la mwisho liandikwe na lishughulikiwe siku hiyohiyo.

Wahudumu wa afya ya jamii wafundishwe maelezo hayohayo, maana wao ndio wanaoingia kwenye ploti na manyatta. Wachungaji na wazee waombwe waendelee kuomba huku mgonjwa akimeza dawa, tusiwalazimishe wachague. Familia ifundishwe kutobishana na sauti, na kutomfunga mtu kamba.

Dawa zisikatike. Kidonge kikikosekana mwezi mmoja, sauti zinaweza kurudi, na mama yule atarudi kwa mganga. Kwa anayesahau vidonge, sindano ya kila mwezi ipatikane Kajiado na Kitengela, si Nairobi pekee. Ambaye dawa 2 tofauti, kwa dozi na muda wa kutosha, hazijamsaidia apewe rufaa ya klozapini, pamoja na mpango wa kupima damu karibu na kwao.

Narudia kwa makusudi: tuache kumwambia hakuna sauti. Naomba wasimamizi wa afya wa kaunti wayaandike maneno ya kumwambia mgonjwa kwenye mwongozo wa kaunti, kwa Kiswahili na Kimaasai, na yabandikwe katika kila chumba cha kuonea wagonjwa.