Dhamana ya Gari Hudaiwa kwa Maandishi

(Maelezo yaliyotolewa kwa wakulima na wasafirishaji wa mazao)

Wengi wenu mnamiliki magari au mnatarajia kununua, na katika milima hii ya Usambara gari linalotafutwa zaidi ni pikapu inayoweza kuendeshwa kwa magurudumu yote manne. Ni mali ya bei kubwa, na mara nyingi hununuliwa kwa mkopo. Gari likiharibika kabla ya wakati wake, mkopo hausubiri litengenezwe. Kwa sababu hiyo tumechagua kuzungumzia jambo moja tu: namna mnunuzi wa gari jipya anavyoweza kuipoteza haki yake chini ya dhamana, na namna anavyoweza kuilinda.

Tuanze na lalamiko moja lililofika ofisini kwetu. Hatutamtaja mlalamikaji wala muuzaji, kwa kuwa shauri lao lilimalizika kwa maelewano.

Mama mmoja, mkulima wa kabichi na karoti upande wa Mlalo, alinunua pikapu mpya kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo. Dhamana yake ilikuwa ya miaka mitatu au kilomita 100,000, kwa kutegemea kipi kitatangulia. Gari lilibeba mazao kwa barabara ya udongo hadi Lushoto, kisha likateremka kwa lami yenye kona kali hadi Mombo. Lilipotimiza kilomita 28,000, dereva alianza kusikia mlio wa kusaga chini ya sakafu. Mama alimpigia simu muuzaji, akajibiwa kwamba gari jipya huwa bado linajizoesha, asiwe na wasiwasi. Baada ya kilomita 6,000 nyingine, mlio ule uligeuka kishindo, na gari likagoma katikati ya mteremko likiwa na shehena yake.

Fundi alipolikagua, alikuta uharibifu katika kisanduku cha kugawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ambacho mafundi wetu hukiita transfa. Mnyororo wake ulikuwa umekatika, na difu ya mbele ilikuwa imeng'oka meno. Muuzaji alikataa kulitengeneza kwa gharama yake, akitoa sababu mbili: kwamba gari lilitumiwa vibaya, na kwamba huduma moja ya kawaida ilifanywa katika gereji ya mtaani. Gari lililala katika yadi wiki saba. Kabichi ziliuzwa shambani kwa bei aliyoitaka dalali, na marejesho ya mkopo yakalipwa kwa kuuza ng'ombe wawili.

Je, gari lilitumiwa vibaya? Hapa yatupasa kueleza kidogo namna mitambo hii inavyofanya kazi. Gari linapokata kona, magurudumu ya mbele husafiri mwendo mrefu kuliko ya nyuma. Katika pikapu nyingi, dereva akiunganisha magurudumu manne, mbele na nyuma hufungwa pamoja na kulazimishwa kuzunguka sawasawa. Kwenye matope au mchanga hakuna madhara, kwa sababu tairi huteleza kidogo na tofauti ile ikaisha yenyewe. Kwenye lami kavu tairi haitelezi. Tofauti hugeuka kuwa mkazo unaojikusanya ndani ya transfa, propela shafti na difu, na kila kona huongeza mkazo mwingine. Tairi za mbele na nyuma zikitofautiana ukubwa au kiwango cha kulika, mkazo huo hutokea hata barabara iliponyooka. Yapo magari yaliyoundwa kutumia magurudumu manne wakati wote, nayo huwa na kifaa cha kuimeza tofauti hiyo. Pikapu ya mama huyu haikuwa na kifaa hicho.

Dereva wake alikiri kwamba alikuwa akishuka hadi Mombo akiwa ameunganisha magurudumu manne. Kwa maelezo hayo peke yake, muuzaji angekuwa ameshinda. Lakini tulipouliza ni nani aliyemfundisha hivyo, mama alitoa simu yake. Wiki ya pili baada ya kukabidhiwa gari, alikuwa amemwandikia ofisa mauzo ujumbe mfupi akiuliza iwapo waendelee na magurudumu manne wanaposhuka lami ya mlimani. Jibu lilikuwemo, pamoja na tarehe yake: waache hivyo hivyo, ni salama zaidi. Aliyetoa ushauri usio sahihi alikuwa muuzaji mwenyewe.

Sababu ya pili nayo haikusimama. Tulipokisoma kitabu cha dhamana, tulikuta kinadai huduma ifanywe kwa ratiba na kwa oili ya kiwango kilichotajwa. Hakikusema kwamba ni lazima ifanywe kwa muuzaji peke yake. Mama alikuwa na risiti ya gereji yenye tarehe, kilomita na aina ya oili iliyotumika.

Lilibaki suala la ule mlio wa kilomita 28,000. Mama alisema alitoa taarifa mapema. Muuzaji alisema hakupata taarifa yoyote, na kwamba difu ya mbele isingeharibika kama gari lingesimamishwa mapema. Taarifa ile ilitolewa kwa mdomo, na hapakuwa na namna ya kuithibitisha. Mwishowe walikubaliana kwamba muuzaji abadilishe transfa na kulipia ufundi wote, naye mama anunue difu. Hasara ya wiki saba haikulipwa na yeyote. Hatukuyaona maelewano hayo kuwa haki kamili, na hatupendi kuwaambia kwamba yalikuwa hivyo. Ujumbe mmoja ulioandikwa ulimwokoa mama huyu, na simu moja isiyoandikwa popote ikamgharimu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Ndugu wananchi, sheria ipo upande wa mnunuzi mwaminifu. Dhamana ya mtengenezaji ni ahadi ya nyongeza. Haiji badala ya sheria. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi akimweleza muuzaji kusudi la bidhaa anayoitaka, na akategemea ujuzi wa muuzaji ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo, bidhaa hiyo inatarajiwa kulifaa kusudi hilo. Aidha, Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mtumiaji. Hata hivyo, sheria husikiliza ushahidi, na ushahidi huandaliwa kabla ya ugomvi. Kwa hiyo tunawashauri mzingatie mambo yafuatayo.

Kwanza, kabla ya kulipa, someni kitabu cha dhamana chote. Tazameni muda na kilomita zake, sehemu zisizohusika, na masharti ya huduma. Kama lugha yake hamuielewi, muombeni muuzaji awafafanulie, kisha maelezo yake yaandikwe na kutiwa saini.

Pili, mwelezeni muuzaji kwa maandishi kazi ya gari: mzigo mtakaobeba, na aina ya barabara mtakazopita. Ulizeni pia ni wakati gani magurudumu manne yaunganishwe na ni wakati gani yaachwe. Mwenye kuliendesha gari awepo siku ya maelekezo, maana mara nyingi mwenye mali husikia na dereva hasikii.

Tatu, tunzeni daftari la gari. Kila huduma iandikwe tarehe, kilomita na kazi iliyofanywa, na risiti ibandikwe humo. Tairi zote nne ziwe za ukubwa mmoja na zilizolika kwa kadiri moja.

Nne, mkivuka mto wenye maji mengi, oili ya difu na ya transfa ikaguliwe mapema. Difu yenye moto ikiingia katika maji baridi, hewa iliyomo ndani husinyaa, na maji yanaweza kufyonzwa kupitia sili au tundu la kupumulia. Oili iliyogeuka rangi na kufanana na chai ya maziwa imeingia maji. Ibadilishwe bila kuchelewa.

Tano, mkisikia mlio au mtetemo usio wa kawaida, msiendelee na safari kwa matumaini. Andikeni barua au ujumbe siku hiyo hiyo, mtaje tarehe, kilomita na dalili mlizoziona. Mkipeleka barua kwa mkono, nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa. Hata mkipiga simu, fuatisheni na ujumbe unaorudia mliyozungumza.

Sita, msiruhusu fundi wa nje afungue sehemu iliyoharibika kabla muuzaji hajapewa nafasi ya kuikagua, ili asije akasema kwamba fundi ndiye aliyeharibu. Ikifunguliwa, pigeni picha, na vipuri vilivyotolewa vihifadhiwe hadi shauri litakapokwisha.

Saba, mkikataliwa, ombeni kukataliwa huko kuandikwe, pamoja na kifungu cha dhamana kilichotumika. Kauli ya “mmelitumia vibaya” isiyoeleza ni matumizi gani, na yamethibitishwaje, haitoshi. Mkipata barua hiyo, njooni nayo ofisini kwetu, pamoja na daftari, risiti na mkataba wa mauzo. Maelewano yakishindikana, nyaraka hizo hizo ndizo mtakazozipeleka mahakamani.

Tunafahamu kwamba kwa mtu aliyeamka saa kumi usiku kupakia kabichi, kuandika tarehe na kilomita kunaweza kuonekana kazi ya makarani. Mama wa Mlalo naye aliona hivyo. Leo gari lake linatembea, na ndani yake kuna daftari lililofungwa kwa kamba kwenye mlango wa dereva. Alipokuja kutushukuru alituambia kwamba halikumgharimu hata bei ya kabichi moja.