Kwa Nini Wazee Wetu Walidai Uhuru
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Khayega)



Vijana wetu huuliza: mkoloni alijenga barabara na shule, kwa nini wazee walitaka aondoke? Swali ni zuri, na jibu liko papa hapa Kakamega.

Mwaka wa 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria kwamba ardhi iliyotengewa Waafrika ni yao milele. Sehemu ikichukuliwa, watapewa ardhi nyingine ya kiasi hicho, na baraza la wenyeji litaelezwa kwanza.

Mwaka wa 1931 dhahabu ikaonekana karibu na mji wa Kakamega. Wazungu wakaja kwa mamia, wakapiga vigingi mashambani mwa watu. Basi Desemba 1932 sheria ile ikabadilishwa huko Nairobi. Sasa ardhi ya migodi ingeweza kuchukuliwa, mwenyewe alipwe pesa tu, na baraza lisiulizwe. Hiyo "milele" ilidumu miaka miwili! Na pesa, ndugu zangu, huisha. Shamba ndilo la kuwaachia watoto.

Je, nani alitutetea? Katika Baraza la Kutunga Sheria hakukuwa na Mwafrika hata mmoja. Wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia mwaka wa 1944. Lakini mzee wa hapa alikuwa akilipa kodi ya nyumba, na akienda kazini alivaa kipande shingoni. Kutoa alitoa, kuulizwa hakuulizwa.

Hicho ndicho kiini cha jambo. Ahadi nzuri haitoshi ikiwa aliyeitoa anaweza kuivunja bila wewe kuwapo. Uhuru wa tarehe 12 Desemba 1963 ulidaiwa ili tuwe na kiti pale mambo yanapoamuliwa. Katiba ya 2010 nayo inataka wananchi washirikishwe.

Sasa tujiangalie sisi wenyewe. Wanachama thelathini wakitoa mchango, halafu watu watatu wakaamua gizani, huo ni ukoloni mdogo ndani ya kikundi.

Ya kujadili kikundini:
1. Ni nani anaamua matumizi ya pesa zetu?
2. Je, wajane na vijana husikilizwa, au huhesabiwa tu?
3. Mtu akija kutaka ardhi yetu, tutamwuliza nini kabla ya kutia sahihi?