Kadi ya Mtu Mzima



Mtoto akizaliwa Tanzania hupewa kadi. Hupimwa uzito, huchanjwa, na asipoletwa kliniki kuna muuguzi wa kuuliza yuko wapi. Baba yake, mwenye miaka 45, hana kadi, hana tarehe ya kurudi, wala hana wa kumuulizia. Akifika zahanati kwa miguu yake, ni kwa homa au kidonda. Akifika amebebwa, huenda ni kiharusi, na ndugu wameshapoteza siku mbili wakibishana kama amerogwa.

Zahanati zetu zilipangwa kwa ajili ya homa, uzazi na watoto, na kwa wakati wake mpango ule ulikuwa sahihi. Lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta shinikizo la juu la damu kwa takriban mtu mmoja kati ya kila wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64, na kisukari kwa karibu mmoja kati ya kila kumi na mmoja. Presha haiumi; anayengoja kichwa kimgonge ndipo akapime anaweza kungoja mpaka mdomo upinde.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye kupima kwenyewe, maana hapo tunakosea sana. Mgonjwa ametembea juani, anaitwa, anafungwa mkanda juu ya shati, na huku anaulizwa jina la balozi wake. Namba inayotoka hapo haina maana. Inatakiwa akae kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu sakafuni bila kukunja nne, mkono mezani usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi. Kisha apimwe zaidi ya mara moja. Kazi hiyo haihitaji daktari bingwa. Inahitaji kiti, meza, na mganga mfawidhi asiyekubali mambo ya kulipualipua.

Ushauri nao tumeufanya wimbo: punguza chumvi, fanya mazoezi. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Sawa, lakini nani anapima? Mhudumu wa afya anayeishi mtaa mmoja na mgonjwa huuliza vizuri zaidi: mchuzi unaungwa kwa viungo vya pakiti? Chipsi zinanyunyiziwa chumvi tena zikiwa mezani? Dagaa wa chumvi wanalowekwa kabla ya kupikwa? Nasi wasomi tuache kumsimanga dereva wa bodaboda anayekula anachokimudu kwa mama lishe.

Nchi hii imewahi kufanya vizuri zaidi. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu takriban milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Kila kikundi kilitoka kikiwa na kazi ya kufanya. Siku hizi tunatundika bango na kuliita elimu kwa umma.

Halafu kuna dawa. Kidonge cha presha ni cha kila siku, pengine maisha yote. Mgonjwa akijisikia vizuri husema amepona, huacha. Zahanati ikiishiwa, huacha pia, na hakuna daftari la kuonyesha nani hajarudi. Kwa hali hiyo, kumgundua mgonjwa kunabaki kuwa takwimu tu.

Ombi langu kwa halmashauri, kabla ya kununua mashine nyingine kubwa ya hospitali, ni hili: kila mwenye miaka 40 na kuendelea anayekanyaga zahanati, hata aliyemsindikiza mjukuu, apimwe presha, aandikwe daftarini na aondoke na kadi yenye tarehe ya kurudi. Asiporudi, mhudumu wa mtaa apewe jina lake, amfuate nyumbani.