Sauti Nne, Moyo Mmoja



Leo tunashangilia jubilii, lakini ukweli tuuseme. Kuna mwaka tuligombana juu ya pesa za sare, hata soprano na besi wakawa hawasalimiani. Jumapili tuliimba vizuri, nanyi mkatupigia makofi. Sisi wenyewe tulijua tulivyokuwa.

Jioni moja ya mazoezi, mwalimu wetu alifunika kinanda, akafungua 1 Wakorintho 13. Sura hiyo tulizoea kuisikia harusini. Akatukumbusha kwamba Paulo hakuwaandikia maharusi, bali kanisa lililogawanyika, watu wenye vipawa walioshindania ukubwa. Paulo anawaambia kuwa pasipo upendo, hata usemi wa kimalaika hubaki kelele tu.

Tulinyamaza. Kisha mama mmoja wa alto akainuka, akaenda kumshika mkono mwenzake. Jioni ile hatukuimba, tuliombana msamaha.

Tangu hapo tumejifunza kwamba imani haikai kooni. Ndugu yetu, kama kuna mtu mliyekosana naye, usingoje jubilii.